Maswali na Majibu: Mwandishi Safarini, Simu Mkononi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa waandishi wanaojichapishia vitabu vyao, na karibu wote wako njiani au wanafunga mabegi. Sishangai. Mwandishi wa namna hii ndiye mhasibu, mpakizi, msemaji na mlalamikiwa, yote kwa mshahara mmoja ambao mara nyingine hauji. Nimezifupisha barua na kuondoa majina.

SWALI: Nasubiri ndege kwenda kwenye kongamano na sasa hivi nimeona msomaji kanipa nyota moja. Anasema mhusika wangu mkuu ni mjinga na kitabu kimejaa makosa ya tahajia. Nimeandika jibu refu, lina adabu kabisa. Nilitume kabla hatujaitwa kupanda? — Mwenye Donge Kooni

Usilitume, ndugu yangu. Adabu ya jibu lako unaiona wewe. Msomaji ataona mwandishi aliyemfuata mteja hadi mlangoni kumwambia hakuonja vizuri.

Mapitio hayakuandikwa ili uyasome wewe. Huyo bwana au bibi anazungumza na msomaji mwenzake anayejiuliza anunue au aache. Goodreads, mtandao ambako wasomaji huvipa vitabu nyota na mapitio, wenyewe huwashauri waandishi wasijibu mapitio mabaya, na wanajua wanachosema, maana magomvi ya aina hiyo yamepita mikononi mwao kwa miaka. Mwaka 2011 mwandishi mmoja aliyejichapishia alipata mapitio yaliyosema hadithi yake si mbaya ila lugha ina makosa mengi. Akabisha. Akabandika sifa alizopewa kwingine. Akabisha tena, na mwisho akatukana waziwazi. Maoni yakafika mamia, na watu ambao hawajawahi kufungua kitabu chake wakaenda kumwongezea nyota moja moja. Wanaokisimulia kisa hicho leo, wachache sana wanaweza kukwambia kitabu kilihusu nini.

Kwako wewe kuna hatari ya pili: unapanda ndege. Desemba 2013 mwanamke mmoja, mtu wa kazi ya mahusiano ya umma, alituma mzaha mbaya kuhusu Afrika na UKIMWI akiwa London, akapanda ndege ya Cape Town. Wafuasi wake hawakufika 200. Safari ni ya takribani saa 11, na katika saa hizo dunia ilimjadili, ikamhukumu na kusubiri atue. Kazi akaipoteza. Najua wewe hukutaka kutuma upuuzi wa aina ile, lakini chukua somo la zile saa za kimya: neno lako linatembea, na wewe umefungwa mkanda huwezi kulifafanua. Mimi kanuni yangu ni kwamba siku ya kusafiri sijibu lolote la hadharani lenye ubishi ndani yake. Mtu aliyeamka saa tisa usiku, akavuliwa viatu kwenye ukaguzi na kula mkate mkavu wa uwanja wa ndege si mtu wa kupewa kibodi.

Hilo la mhusika kuwa mjinga ni maoni, liache. La tahajia ni dai linalopimika. Ukifika hotelini fungua faili lako, si lile lililo kichwani mwako, usome sura tatu za mwanzo kwa sauti. Ukikuta makosa, sahihisha na upakie faili upya. Hiyo ni raha ya kujichapishia ambayo wenzetu wenye wachapishaji hawana. Wala huna haja ya kumtangazia aliyeyaona. Mapitio yakiwa na vitisho, matusi ya nafsi au anwani yako ya nyumbani, hapo bonyeza kitufe cha kuripoti na uwaachie wenye jukwaa.

SWALI: Nibebe nakala ngapi kwenda kuuza? Nina begi moja la kukabidhi kaunta. — Begi Zito

Pima kitabu kimoja kwenye mizani ya jikoni kabla ya kupiga hesabu. Kitabu cha jalada laini chenye kurasa 300 hivi huwa karibu gramu 400. Mashirika mengi ya ndege daraja la kawaida huweka ukomo wa kilo 23 kwa begi. Toa uzito wa begi lenyewe, utabaki na nafasi ya nakala kama 50, na hujaweka hata shati.

Kwa hiyo usibebe zote. Kama unatumia huduma ya kuchapa kwa oda, agiza nakala zichapwe karibu na unakokwenda na zipelekwe ulipofikia. IngramSpark, kwa mfano, wana mitambo Marekani, Uingereza na Australia. Agiza mapema kiasi cha kuweza kuagiza tena boksi likipotea, na iulize hoteli kwa maandishi kama inapokea mizigo ya mgeni ambaye hajafika, na kwa malipo gani. Begini weka nakala kumi za kuanzia. Pawabenki ikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiingie begi la kukabidhi kaunta; ukomo wa kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100, na hizi za mAh 20,000 huwa kama 74.

SWALI: Kampuni imeniandikia kwamba kitabu changu "kimechaguliwa" kuonyeshwa kwenye Maonyesho ya Vitabu ya Frankfurt. Natakiwa kulipia nafasi ya rafu. Mimi mwenyewe si lazima niende. Ni bahati au ni mtego? — Aliyechaguliwa

Hayo "kuchaguliwa" na "kulipia" yakikutana katika barua moja, anza na wasiwasi.

Frankfurt ni soko la kuuziana haki za kuchapa na kutafsiri vitabu. Hufanyika Oktoba, na siku za mwanzo ni za watu wa biashara ya vitabu: wachapishaji, mawakala, wasaka tafsiri. Hawa hawatembei wakipapasa rafu. Wana ratiba iliyojaa mikutano ya nusu saa nusu saa, iliyopangwa wiki nyingi kabla. Kitabu chako kikiwa cha nane kutoka kushoto kwenye rafu ya mchanganyiko, kati ya cha mapishi na cha mashairi, bila mtu anayekisemea, kitakaa pale hadi maonyesho yafungwe. Aliyekuandikia si lazima awe tapeli. Huenda kweli atakiweka kwenye rafu na kukutumia picha. Picha hiyo ndiyo bidhaa uliyonunua.

Ungeniuliza ningetumia pesa hizo vipi, ningesema nenda mwenyewe kama mgeni wa kawaida. Si lazima iwe Frankfurt: maonyesho ya vitabu ya London kwa kawaida huwa ni majira ya machipuko, na kama unaandikia watoto yale ya Bologna, Italia, ndiyo yenyewe. Kabla ya kwenda, andikia watu watano wanaochapa vitabu vinavyofanana na chako katika lugha nyingine, sentensi nne tu, uombe dakika kumi na tano. Wawili wakijibu umefaulu. Wasipojibu, zunguka mabanda uone nani anachapa nini, na uchukue orodha zao. Kwa safari ya kwanza hiyo si kazi ndogo.

Sifa zinazokuja bila kuombwa zimeongezeka sana siku hizi. Anayezituma anaeleza wahusika wako vizuri, anataja hadi mandhari ya sura ya mwisho, kisha aya ya tatu kuna "ada ndogo ya ushiriki". Muhtasari wa namna hiyo programu ya kompyuta inauandika kwa sekunde. Kusifiwa hakukulazimu kujibu.

SWALI: Nikiwa safarini nimepata barua pepe ya mhariri wa kampuni kubwa, jina lake nalijua. Anaomba mswada wangu mpya leo leo kwa sababu kesho ana kikao. Nina faili kwenye simu. Nimtumie? — Mwenye Haraka

Subiri kwanza. Unamkumbuka Filippo Bernardini? Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya uchapishaji London, akakamatwa Januari 2022 alipotua uwanja wa JFK, New York. Kwa miaka kadhaa alijifanya wahariri na mawakala wa kweli, akakusanya miswada zaidi ya 1,000 ambayo haijachapishwa. Alikiri kosa mahakamani mwaka 2023. Walionaswa ni pamoja na wakongwe wa kazi hii.

Mbinu yake mojawapo ndiyo inayokuhusu wewe uliyeshika simu. Alisajili anwani za mtandao zinazofanana na za kampuni halisi, lakini penye herufi m akaweka r na n. Iandike: rn. Sasa iangalie kwenye kioo kidogo, maandishi madogo, jua linawaka dirishani. Inasomeka m. Na simu nyingi hazionyeshi hata anwani yenyewe, zinaonyesha jina tu, mpaka uliguse.

Usibonyeze "jibu". Nenda kwenye tovuti ya kampuni, chukua anwani au namba ya pale, uulize kama ombi ni la kwao. Mhariri wa kweli hataudhika. Na kikao cha kesho, kama kipo, hakijawahi kuvunjika kwa sababu mswada ulichelewa siku moja.

SWALI: Wasomaji wangu wanapenda kuniona safarini. Kuna ubaya kuweka picha ya pasi ya kupandia ndege? — Mpenda Kamera

Upo. Pasi ina jina lako na namba ya kumbukumbu ya tiketi, ama imeandikwa wazi ama imo ndani ya msimbopau. Kwa mashirika mengi hayo mawili yanamtosha mtu kuifungua safari yako, kuona mawasiliano yako na hata kuvuruga tiketi ya kurudi. Kuifunika kwa kidole hakusaidii kama msimbopau unaonekana. Piga picha mawingu. Picha za hoteli nazo ziweke ukishaondoka.

SWALI: Naweza kwenda kwa visa ya kawaida na kuuza vitabu mezani? — Bila jina

Inategemea nchi, na swali la kuwauliza ubalozi ni "je, naruhusiwa kuuzia umma?" wala si "je, naruhusiwa kuhudhuria?" Uingereza, kwa mfano, visa ya kawaida ya mgeni inaruhusu mikutano, makongamano na kutia saini mikataba, lakini inakataza kuuzia umma bidhaa moja kwa moja. Waandishi wengi humpa muuza vitabu wa pale kazi ya kuuza, wao wakabaki na kalamu. Uliza na ushuru wa forodha kwa mzigo wa biashara. Na usimwambie afisa wa mpakani kwamba nakala hamsini ni zawadi.

SWALI: Msomaji kanionyesha hadharani kosa la kweli: treni niliyoiandika haikuwapo mwaka ule. Nilinyamaza kwa sababu nimesikia mwandishi hajibu. Nilifanya sawa? — Treni Hewa

Hapana, hapa ungejibu. Kunyamaza ni kwa ajili ya maoni kuhusu ladha. Huyu kakuita kwa jina, kakupa taarifa, na iko sahihi. "Asante, ni kweli, nitarekebisha katika toleo lijalo." Basi. Usieleze ulivyofanya utafiti, usitaje kwamba ni riwaya tu, usiweke kiuso cha kucheka. Hata ukichelewa siku nne kwa ajili ya safari, jibu hilo halichachi.

Kinachowaharibia wengi ni sentensi ya pili. Ya kwanza inashukuru, ya pili inaanza na "lakini".

SWALI: Mimi nimechelewa kusoma ushauri wako. Nilijibu mapitio vibaya nikiwa hotelini, watu wamesambaza. Nimefikiria kufuta kila kitu na kumwandikia wakili. — Maji Yamemwagika

Pole, mwenzangu. Futa jibu lako ukijua picha ya skrini ipo. Unafuta ili lisiendelee kuchochewa, si kulificha. Kisha andika mstari mmoja palepale: ulijibu kwa hasira, umeliondoa, unaomba radhi kwa msomaji. Usiombe radhi kwa "yeyote aliyeumia". Aliyeumia anajulikana, na yupo pale anasoma. Halafu ondoka kweli. Wachokozi watakuja kwa siku kadhaa, wasipokuta mtu watahamia kwingine.

Wakili mwache. Mwaka 2003 Barbra Streisand, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, alishtaki kutaka picha ya nyumba yake iondolewe mtandaoni. Kabla ya kesi picha ile ilikuwa imepakuliwa mara sita, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe. Kesi ilipojulikana, ndani ya mwezi mmoja watu zaidi ya 400,000 walikwenda kuiangalia. Kesi yenyewe alishindwa.

SWALI: Mke wangu amejitolea kujibu jumbe kwenye akaunti yangu nikiwa njiani. Ni wazo zuri? — Mume Msafiri

Za oda, anwani na "kitabu cha pili kinatoka lini", ndiyo, ila aandike kwa jina lake, sio lako. Mapitio asiyaguse kabisa. Mwenza huwa na hasira kuliko mwandishi. Wala asikuandikie nyota tano, maana Amazon hawaruhusu mapitio ya ndugu wa karibu.

Kwa yanayobaki weka jibu la kujiendesha kwenye barua pepe. Lisitaje uko wapi wala nyumba iko tupu. Hili linatosha: "Asante kwa kuandika. Wiki hii nasoma barua kwa kuchelewa. Kama ni oda iliyokwama, andika neno ODA kwenye kichwa cha barua, utajibiwa kesho."