Maswali Yenu ya Ukulele: Ile C Yenye Alama ya Kujumlisha

Safari hii tunajibu maswali ya wapiga ukulele, lile gitaa dogo la nyuzi nne, kuhusu kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) za ogumentedi, zile zinazoandikwa C+ au Caug. Kila kodi tunaiandika kwa namba nne, kuanzia uzi wa G, kisha C, E na A. Namba inaonyesha freti ya kubana, yaani nafasi ya ngapi kati ya vyuma vinavyokatiza shingo. 0 maana yake uzi unalia wazi. Kwa hiyo C ya kawaida ni 0003.

SWALI: Salamu wahariri. Napigia kwaya ya vijana hapa Morogoro. Kuna wimbo umeandikwa C, C+, F. Nikifika kwenye C+ wenzangu wananigeukia wakidhani nimekosea. Je, karatasi ina kosa? Halafu kutoka hapo kwenda F vidole vinanichelewesha.

JIBU: Karatasi iko sawa, ndugu yetu, na wewe pia. Kwa kuwa unapigia kwaya, ifikirie kwa sol-fa. C ni do, mi, so. Kwenye C+ do na mi zinabaki palepale, so inapanda nusu toni: C, E, G#. Hiyo G# unaipata freti ya kwanza ya uzi wa G, basi 0003 inageuka 1003.

Kinachowashtua wenzako ni kwamba kodi hii haina pa kutulia. Kutoka C hadi E ni nusu toni 4, E hadi G# ni 4, G# hadi C ya juu ni 4 tena. Ule umbali wa do na so, unaolijulisha sikio nyumbani ni wapi, haumo. Sikio linabaki linaisubiri G# ipande kwenye A, na A ni mojawapo ya sauti za F. Jaribu hivi: piga uzi wa G peke yake mara tatu, wazi, kisha freti ya kwanza, kisha ya pili. Umesikia G, G#, A. Huo ndio uti wa mgongo wa kipande hicho. Nyuzi nyingine zinausindikiza tu. Waimbie wenzako ngazi hiyo kabla ya kuwapigia kodi, na hawatageuka tena.

Sasa vidole. Wengi hubana freti ya kwanza ya G kwa kidole cha shahada kwa sababu ndicho kilicho karibu. Lakini F ni 2010, na kidole hichohicho kinatakiwa freti ya kwanza ya uzi wa E. Kinalazimika kuhama huku cha kati kikiitafuta freti ya pili ya G, na ndipo unapochelewa. Bana C+ kwa kidole cha kati kwenye uzi wa G, na kidole cha mwisho kwenye freti ya tatu ya uzi wa A. Ukienda F, cha kati hakinyanyuki: kinalegea kidogo, kinateleza freti moja mbele juu ya uzi uleule. Cha shahada kinatua kwenye E, cha mwisho kinaondoka. Hata C yenyewe uianze kwa kidole cha mwisho badala ya cha pete, la sivyo utakuwa umehamishia tatizo nyuma tu.

Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika: mapigo 2 ya C, 2 ya C+, 4 ya F. Mlio ukikatika kati ya C+ na F, jua umeinua kidole cha kati.

SWALI: Chati niliyonunua inaonyesha picha ileile, 2110, kwa A+, F+ na C#+. Naona wamechapa vibaya.

JIBU: Chati yako ni sahihi. 2110 inatoa A, C#, F, A. Kwa kuwa umbali kati ya sauti hizo ni sawa kote, yoyote kati ya hizo tatu inaweza kuwa mama wa kodi, yaani sauti inayoipa kodi jina. Ndiyo maana kodi za ogumentedi kwa jumla ni nne tu: 1003 (C+, E+, G#+), 2110 (A+, F+, C#+), 3221 (D+, F#+, A#+) na 0332 (G+, B+, D#+). Jifunze hizo nne, umemaliza majina 12.

Jina linatokana na kodi inayotangulia au inayofuata. 1003 ikitoka C kwenda F tunaiita C+. Ikiwa katika wimbo wa Am (A ya minor) na inarudi kwenye Am yenyewe, 2000, hiyo ni E+, ingawa vidole ni vilevile.

Kwa 2110, laza kidole cha shahada kwenye nyuzi za C na E, cha kati kibane freti ya pili ya G. Hakikisha cha shahada hakigusi uzi wa A, maana unatakiwa kulia wazi.

SWALI: Nimetuni vizuri kabisa, lakini 1003 inasikika chungu kuliko kodi nyingine zote. Tatizo ni masikio yangu?

JIBU: Uchungu kidogo ni wa kodi yenyewe. Nusu toni moja ina senti 100. Umbali wa do na mi kwenye ukulele, kama kwenye piano, ni mpana kwa karibu senti 14 kuliko ule unaotulia kabisa sikioni, na hapa umbali huo umerundikwa mara tatu.

Ukizidi, pima. Tuni uzi wa G ukiwa wazi, kisha ubane freti ya kwanza kwa nguvu yako ya kawaida na usome programu ya kutuni. Ikionyesha G# imepanda senti 10 au zaidi, punguza nguvu kwanza. Nyuzi za nailoni ni laini na huvutika kirahisi. Isiposhuka, chunguza kile kipande chenye mifereji minne mwanzoni mwa shingo. Bana uzi freti ya tatu na utazame pengo juu ya freti ya kwanza: linatakiwa kuwa jembamba kama karatasi. Likiwa pana zaidi, mfereji haukuchimbwa vya kutosha. Mpelekee fundi mwenye tupa nyembamba, wala usijaribu kwa kisu, kwa sababu mfereji ukizidi kina uzi utakwaruza freti na kuvuma.

SWALI: Ukulele wangu una G nene ya chini. Maumbo yanabadilika?

JIBU: Hapana. Tofauti ni kwamba ile ngazi ya G, G#, A sasa inasikika kama besi, na kwa kweli inapendeza zaidi. Kwenye baritoni, ukulele mkubwa wenye nyuzi za D, G, B, E, umbo la 1003 linakuwa G+.

SWALI: Naweza kuiingiza mwenyewe kwenye nyimbo ambazo haikuandikwa?

JIBU: Unaweza, panapokuwa na C inayokwenda F au Am, au G inayorudi C (hapo tumia G+, 0332). Ipe mapigo mawili ya mwisho kabla ya kubadilisha, si zaidi. Lakini angalia kwanza mwimbaji yuko kwenye sauti gani. Kwa C+, akiwa ameshikilia so, yaani G, nawe ukapiga G#, sauti hizo mbili zitagombana na lawama itamwangukia yeye. Akiwa kwenye do au mi, iweke.