Kwa nini utando wa kitosani unamwaga dawa yote mapema

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini utando wako wa kitosani (polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, inayopatikana kwenye maganda ya kambamiti) unatoa karibu dawa yote ndani ya saa ya kwanza badala ya kuitoa taratibu, na kama uachane nao uhamie PLGA, polima ya kutengenezwa inayovunjika mwilini. Nimekaa na kazi hii maabara kwa miaka, sehemu kubwa nikitumia maganda ya kambamiti kutoka soko la Feri, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokishika.

Usihame bado. Kama uliyeyusha kitosani kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 1, ukamimina kwenye sahani na kuacha ikauke, ulichonacho ni chumvi ya kitosani. Ikigusa maji inavimba haraka, na dawa inapita. Chovya utando mkavu kwenye sodiamu haidroksaidi hafifu, au uufunge kwa tripolifosfati ya sodiamu, chumvi inayoshikanisha minyororo ya kitosani, kisha suuza vizuri. Maji ya kuchovyea na ya kusuuzia yapime pia! Dawa inayoyeyuka kwenye maji hutorokea humo, na usipoitoa kwenye hesabu, grafu yako itakudanganya tangu nukta ya kwanza.

Halafu kuna kukausha, jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitazami. Maji yanapopanda kwenda juu yanabeba dawa, inajikusanya usoni mwa utando, na hiyo ndiyo inayotoka kwa kishindo. Kausha taratibu, punguza kiasi cha dawa, na ukiweza mimina tabaka tatu: la kati lenye dawa, la chini na la juu matupu. Hii imenisaidia kuliko kubadilisha polima.

PLGA ni habari nyingine. Maji yanakata minyororo yake taratibu, inabaki asidi ya laktiki na ya glikoliki, ambazo mwili unazishughulikia kama kawaida. Yenye asidi hizo mbili nusu kwa nusu huisha ndani ya mwezi mmoja au miwili. PLA tupu, yaani ya asidi ya laktiki peke yake, inaweza kuvuka mwaka. Zoladex ya miligramu 3.6, inayochomekwa chini ya ngozi ya tumbo, hutoa goserelini, dawa ya homoni ya kutibu saratani, kwa siku 28 kwa njia hiyo. Ila ukitengeneza kipande kinene, asidi inanasa ndani na katikati kunaoza kabla ya nje. Gliadel, tiba ya saratani ya ubongo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, ilitumia polima ya jamii nyingine, polianhidridi, inayolika kuanzia nje. Vipande vyake huachwa ubongoni pale uvimbe ulipoondolewa, vikitoa kamustini, dawa ya kuua seli za saratani, mahali hapo hapo. Kwangu huo ni miongoni mwa ubunifu mzuri kabisa wa fani hii.

Ukiamua kwenda PLGA, kumbuka haiyeyuki kwenye maji. Utahitaji asetoni au dikloromethani, na ya pili usiiguse bila kabati la kuvuta hewa linalofanya kazi kweli. Na kwa unyevu wa Dar, chupa ikiachwa wazi polima inaanza kukatika kabla hujaitumia. Ihifadhi kwenye friza pamoja na silika jeli ya kunyonya unyevu, na ukiitoa subiri ifikie joto la chumba ndipo ufungue kifuniko, la sivyo umande utatua juu yake.

Nitajie dawa unayotumia na unene wa utando kwa maikromita, uliopimwa katikati na pembeni. Bila hivyo viwili siwezi kukwambia uongeze tripolifosfati kiasi gani.