Kamera 40 na picha nusu nyeusi: tatizo sio triga

Swali: Habari mkuu. Nimefunga kamera 40 za Canon 1300D kumzunguka mtu ili nimskani mwili mzima nitengeneze modeli ya 3D. Flashi za studio ziko 6, shata (muda kamera inaopokea mwanga) 1/200 ya sekunde, waya mmoja unazibonyeza kamera zote. Kila nikipiga, kama 10 zinatoa picha nyeusi tii, zingine nusu nyeusi. Kuna jamaa anasema shida ni triga (kifaa cha kuamrisha kamera zipige pamoja), ana yake isiyochelewa hata kidogo. Nichukue?

Jibu: Usichukue, hiyo hela nunulia mapazia meusi mazito ya kutia giza chumba.

Hili swali naletewa kila mara na kila mara kuna jamaa ana triga ya kuuza. Waya wako hauna kosa mkuu, amri inafika kwa kamera zote 40 pamoja, shida ni kwamba kamera ikishaamriwa inapandisha kioo kwanza ndo ifungue pazia la shata ndani yake, hapo zinapita makumi ya milisekunde, na kila moja ina mwendo wake, hata mbili za modeli moja haziendi sawasawa. Kwa 1/200 pazia linakaa wazi lote chini ya milisekunde 5. Flashi ikiwaka, iliyochelewa bado haijafungua, iliyowahi imeshafunga, na iliyokutwa pazia likiwa njiani ndo hiyo inakupa nusu nyeusi. Triga haiingii ndani ya kamera kuiharakisha.

Ila kinachonichosha kuliko vyote ni hii imani kwamba shata ya haraka ndo inamgandisha mtu. Jamani, kwenye giza anayegandisha ni flashi! Weka shata sekunde 1, ndiyo, sekunde nzima, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, lenzi zote MF (fokasi ya mkono) maana gizani autofokasi itagoma. Zima taa, bonyeza kamera zote, ngoja kama nusu sekunde zote zifungue, kisha washa flashi mara moja tu. Harold Edgerton wa MIT alipiga picha za risasi ikipasua tufaha kwa staili hiyohiyo, shata wazi, chumba giza.

Flashi usiichomeke juu ya kamera, itamfuata huyo mmoja na wenzake watabaki. Kwa kujaribu hata kidole chako kinatosha kubonyeza kitufe cha test, baadaye ka-Arduino (kibodi kidogo cha kielektroniki unachokipa programu) kabonyeze kamera, kangoje, ndo kawashe flashi, na uweke optokapla (kipande kinachopitisha amri kwa mwanga bila umeme kugusana) katikati, maana kuna flashi za zamani zina zaidi ya volti 200 pale pa kuchomeka waya na zinaunguza vitu. Zote 6 ziwe manual, zile za TTL (zinazojipimia mwanga zenyewe) zinatoa kimwanga cha kupima kabla na wenzake wanawaka mapema.

Kupima giza ni rahisi: zima flashi upige. Picha isipotoka nyeusi kabisa kuna mahali panavuja, dirisha, skrini ya laptop, taa ya router.

Na ukienda dukani uliza flashi inawaka kwa muda gani, wati baadaye. Mkono unaotembea nusu mita kwa sekunde unasogea milimita 1 ndani ya 1/500 ya sekunde. Kwenye boksi wanapenda kuandika t0.5 (muda mwanga uko juu ya nusu ya kilele chake) kwa sababu inapendeza, wewe tafuta t0.1 (muda uko juu ya sehemu moja ya kumi ya kilele), ni kama mara 3 ya hiyo.

Sasa vishoka hawaishii kwenye triga. Wapo wanaokuuzia softiwea ya kupiga kamera zote kwa USB, wakati USB ni ya kubadili setingi na kushusha picha, ukipigia huko amri zinapanga foleni kwenye hub na mtu keshapumua, keshayumba. Wapo wa taa za LED za kuwaka muda wote, hao mwanga ukipungua wanapandisha ISO, ngozi inajaa chenga, softiwea inatafuta alama za kushikia inaambulia chenga, na bado kila kamera imempiga mtu kwa saa yake. Juzi nimeletewa skani ya mmoja wa wateja wao, bwana harusi mwenye vidole saba mkono wa kulia, na jamaa anauliza kama kuna softiwea nzuri ya kumpunguzia viwili.