Sambaza haiangalie kalenda: maswali yenu juu ya kuvua ku ziwa Kivu

Niko Liège. Huku mwezi wa tatu baridi inaanza kupungua na bavuvi banatoka. Nikikuja Bukavu mwezi wa tatu nitapata samaki?

Utapata yaya, lakini iyo hesabu ya baridi uiache kule kule, maji ya juu ya Kivu inabakia karibu digri 23 ao 24 mwaka muzima. Mwezi wa tatu ni mvua, kuja na koti. Kitu ya kuangalia ni mbalamwezi: ikijaa, mwangaza iko kila pahali na sambaza, ile samaki kidogo ya ziwa, haifuate tena taa ya bavuvi, bavuvi wengi banalala kwabo. Chagua wiki ya giza. Na kama boss anakupa konji wakati unataka, kuja kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo inakoroga maji na chakula ya samaki inapanda juu.

Nikodishe tu pirogi niende peke yangu, ao lazima mutu wa kuniongoza?

Lazima, na sisemi ivi ju ya kumutafutia mutu kazi. Ile mitumbwi tatu yenye kufungwa pamoja na miti mirefu haiendeshwe na mutu moya, ni ekipe nzima, banatoka mangaribi, banapiga kasia na kuimba, banafika fasi banaijua, banawasha taa na wavu inashuka chini. Vidudu vidogo vinakuja ku mwangaza, sambaza inafuata vidudu, kisha banavuta. Wewe utakaa, utaangalia, utavuta kamba wakati banakuambia. Tena upande wa kule ni maji ya Rwanda, na usiku hakuna alama ku maji, mutu wa hapa njo anajua mwisho iko wapi. Mbele ya yote uliza ku beach kama kutoka usiku inaruhusiwa iyo siku, ju inabadilika.

Bei musikilizane mbele ya kupanda, apana kisha. Na ukiona ekipe inavuta na musikiteri, shuka, bale banamaliza watoto wa samaki.

Niko na ndoano na mulinete ya muzuri, nitashusha mbali kabisa nitoe samaki kubwa?

Papa, chini kule hakuna kitu! Ziwa inafika metre 485 lakini kisha metre 60 ao 70 oksijeni imeisha, samaki yote inaishi juu. Ndoano yako ni ya tilapia, pembeni, asubui, na munyoo. Sambaza yenyewe ilitoka ziwa Tanganyika, baliileta mwisho ya myaka ya 1950.

Gazi ya ziwa haitatuua tukivua?

Iyo gazi iko chini sana, maji nzito inaifungia, wavu haifike kule. Mazuku, ile gazi nzito yenye kuua batu, iko ku inchi kavu, upande wa Goma, ndani ya mashimo.

Mamba?

Hakuna. Ila jile ya kuelea uvae, maji inazamisha bila mamba.

Sambaza tunaikula aje?

Mama, kama ni fresh usiitoe kichwa! Osha, chumvi, mafuta ya moto sana, kidogo kidogo ju isishikane, kisha ndimu na pilipili, na bugali pembeni.