Hesabu mililita, usihesabu podi

Kaka wa Nakuru, swali lako nimelielewa hivi: ulikuwa ukinunua podi za veipu (sigara ya kielektroniki), yaani vile vikopo vidogo vya kuchomeka vilivyojazwa tayari maji ya nikotini, moja ya mililita 2 kila siku mbili. Bei imepanda baada ya kodi, na sasa kijana wa dukani anakushawishi ununue mashine ya kujaza mwenyewe eti kwa sababu kodi haijagusa chupa za maji ya kujazia. Mimi niko Kisumu. Niliacha sigara miaka mitatu iliyopita nikahamia veipu, na maneno hayo hayo niliambiwa. Niliyaamini miezi miwili, na mfuko wangu unaikumbuka hiyo miezi miwili vizuri sana.

Tuanze na kodi yenyewe. Hapa Kenya ushuru wa nikotini ya maji ya sigara za kielektroniki hutozwa kwa mililita. Mwaka 2022 uliwekwa sh70 kwa kila mililita. Mswada wa fedha wa 2024 ulitaka ufike sh100, mswada ukazikwa na maandamano ya Juni, lakini kipengele hicho kilirudi kimyakimya kwenye sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kazi tarehe 27 Desemba 2024. Sasa angalia: mililita haiulizwi imekaa ndani ya nini. Podi yako ya mililita 2 inabeba ushuru wa sh200. Chupa ya mililita 10 inabeba sh1,000, na ya 30 inabeba sh3,000. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo anayekuambia chupa haijaguswa, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Hata ile podi, si kila shilingi iliyoongezeka ni ya serikali. Ushuru ulipanda kwa sh30 kila mililita, yaani sh60 kwa podi moja, na ukiweka VAT unakaribia sh70. Mimi yangu ilitoka sh450 ikaruka hadi sh600. Nilipomuuliza muuzaji alisema, "Ni kodi, boss." Nikamfanyia hesabu kwenye kikokotoo cha simu, akacheka, akaangalia nje kama mtu anayesubiri mvua. Bei haikushuka.

Ndipo nikanunua mashine ya kujaza, sh2,500, na chupa ya mililita 30 kwa sh1,300 kwenye kibanda kimoja huku Kondele. Nilifurahi kweli. Sikuwa nimepiga hesabu niliyokuandikia hapo juu: chupa yenye nikotini ya ujazo huo, ushuru wake peke yake ni zaidi ya mara mbili ya bei niliyolipa. Ilipita njia gani kufika pale kibandani, sijui wala sikuuliza. Nilipofika nyumbani nikaisoma kwa makini. Upande mmoja jina la ladha limeandikwa hivi, upande wa pili limeandikwa vingine. Kiwango cha nikotini kimebandikwa kwa karatasi ndogo juu ya kingine. Nikakwangua kwa ukucha. Juu miligramu 20 kwa kila mililita, chini yake 50. Asubuhi ya kwanza nilivuta mara nne tu nikakaa chini kwenye ngazi za ploti, kichwa kinazunguka, mate yamejaa mdomoni kama mtoto aliyeonjeshwa ugoro. Chupa nikaimwaga chooni. Sh1,300 hizo.

Baadaye nikapata duka linalouza chupa ya mililita 10, miligramu 20, imeandikwa vizuri, kwa sh1,800. Ghali, lakini angalau bei hiyo inaingia akilini ukishatoa kodi. Sasa twende kwenye hesabu yako wewe, kwa mililita moja kwa siku, wiki mbili. Podi zilizojazwa: saba mara sh600, sh4,200. Kujaza mwenyewe: mililita 14 kwa sh180 kila moja, sh2,520, ongeza podi tupu yenye koili yake (waya unaochemsha maji) sh500, jumla sh3,020. Umeokoa sh1,180. Mashine inajilipa kwa kama mwezi mmoja. Ukiishia hapo, kijana wa dukani ameshinda kesi.

Lakini mimi sikubaki kwenye mililita moja, na sijakutana na wengi waliobaki. Podi iliyojazwa ina mwisho. Ilikuwa ikiisha saa tatu usiku, duka limefungwa, mvua ya Kisumu inanyesha, basi nalala. Chupa iko mezani. Podi ikipungua kidogo unaongeza, ukikaa kutazama mpira unaongeza, na hakuna mahali unaona kwamba leo umevuta mara mbili ya jana. Nilikuja kushtuka chupa ya mililita 10 imeisha kwa siku tano. Mililita mbili kwa siku ni 28 kwa wiki mbili: sh5,040, na podi tupu sh500, sh5,540. Nilikuwa nalipa zaidi ya nilipokuwa kwenye podi zilizojazwa, na bado najisifu kwa watu kwamba nabana matumizi. Kwa bei hizi mpaka uko karibu na mililita moja na nusu kwa siku. Ukiuvuka, kujaza mwenyewe kumekushinda.

Kuna mtego mwingine ambao mimi niliuingia kwa nia njema. Niliona nishushe nikotini, nikachukua maji ya miligramu 6, nikidhani ndiyo njia ya kuacha polepole. Mwili si mjinga. Ulitaka kiasi kile kile, nikawa navuta bila kukoma, maji yanaisha mbio. Na ushuru hauangalii nguvu ya nikotini, unaangalia mililita tu. Maji mepesi na maji makali yanalipa sh100 ile ile. Ndiyo maana mashine zile kubwa za kutoa moshi kama treni sasa ni za watu wenye mashamba, maana zinaweza kunywa mililita tano kwa siku bila shida, na hiyo ni sh500 ya ushuru kabla hujalipia hata ladha. Ukienda njia ya kujaza, chukua mashine ndogo inayovutwa kama sigara, koili yenye ukinzani wa umeme wa ohmu 0.8 kwenda juu, na ubaki na nguvu ile ile uliyozoea kwenye podi zako. Kupunguza, punguza idadi ya mara unazovuta.

Kilichonirudisha kwenye mililita moja ni plasta. Ile ya kidonda. Nimebandika kipande kirefu ubavuni mwa chupa, nikapiga mistari kwa kalamu, kila mstari una tarehe ya Jumatatu. Najaza asubuhi tu, mara moja. Ikiisha saa kumi jioni, imeisha. Mke wangu huwa anaikagua chupa kuliko mimi, na akikuta mstari umepitwa husikii neno, unawekewa tu chupa katikati ya meza ya chakula.

Usumbufu wa koili nitaupitia haraka. Podi mpya ukishaijaza iache dakika kumi pamba ya ndani ya koili ilowe, la sivyo utavuta pamba iliyoungua na podi ya sh500 umeitupa. Ladha tamutamu za embe na pipi huacha masizi kwenye koili. Mimi zilikuwa zinaniua podi kwa wiki moja, za mnanaa zinafika mbili. Na chupa iwekwe juu kabatini. Mpwa wangu wa miaka mitatu alinikuta nimeiacha kochini, inanukia embe, akawa anahangaika na kifuniko kwa meno. Nikotini ya kumeza inaweza kumuua mtoto. Kifuniko kiligoma, namshukuru Mungu.

Halafu safari. Nilipanda matatu kuja huko kwenu, mashine mfukoni mwa shati, podi imefika nusu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Mau Summit karibu 2,500. Ukipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, na ile iliyofungiwa ndani ya podi inatanuka na kuyasukuma maji nje. Tulipofika Salgaa shati jeupe lilikuwa na doa la kahawia ukubwa wa chapati, na abiria wa pembeni ananiuliza kama nimejimwagia dawa ya kikohozi. Tangu hapo nikisafiri nanunua podi moja iliyojazwa, bado imezibwa, na mashine yake ya zamani sijaitupa. Sh600 ni nafuu kuliko shati.

Wewe sasa. Usinunue chochote wiki hii. Endelea na podi zako, lakini andika saa unapofungua kila moja na saa inapoisha. Ikiwa kweli ni siku mbili, na ikiisha unaweza kungoja hadi kesho, nunua mashine ndogo na chupa ya mililita 10 yenye bei isiyo ya miujiza. Ikiwa unajikuta unafungua nyingine kabla ya siku mbili, au ile ikiisha usiku unamtuma bodaboda, baki na zilizojazwa, maana kwako ule mwisho wake ndio unaokushikia breki. Na kama kuna mtu anasoma hapa na hajawahi kuvuta sigara, haya yote hayamhusu. Mimi mwenyewe ningefurahi kuwa yeye.

Ukishaandika hizo saa, zilete hapa tuzipige pamoja.