Tairi zinagusa bampa? Grinda ya inchi 9 iache dukani

Wengi mnaoanza mnaanzia pale pale nilipoanzia mimi. Umefunga tairi kubwa kidogo, ukikata kona zinakwaruza bampa, fundi bodi amekutajia bei ukanyamaza. Unajiambia, si kukata tu? Mimi nikanunua grinda ya inchi 9, nikidhani ukubwa wake utanimalizia kazi mapema. Bampa ni plastiki, na kwa spidi ile jiwe la kukatia la grinda haliikati, linaiyeyusha. Ikaganda kwenye jiwe, nyingine ikanirukia mkononi kama uji wa moto, na ukingo ukabaki kama umetafunwa na panya.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia mashine, geuza bampa usome ndani. Ukikuta herufi PP, hiyo ni polipropilini, haipendi joto. Tafuta jigso (mashine ya mkononi inayopandisha na kushusha msumeno mwembamba) inayorekebishika spidi, iende polepole, na msumeno wake uwe wa meno makubwa. Meno madogo yanajaa plastiki na kuanza kuchoma. Kipande kidogo hata umeme hakihitaji: kisu kikali, pitisha mara nyingi kwenye mstari uleule. Siku hizi nusu ya bampa zangu nazimaliza hivyo.

Fenda ya bati ni habari nyingine. Bati lenyewe kwa kawaida halifiki milimita 1, hivyo grinda ya inchi 4 na nusu yenye jiwe jembamba la milimita 1 inatosha na kubaki. Ile kubwa waachie wachomelea mageti.

Soma namba kwenye jiwe. La milimita 115, yaani inchi 4 na nusu, mara nyingi huandikwa kikomo cha mizunguko 13,300 kwa dakika. La milimita 180 huandikwa 8,500 tu. Grinda ndogo huzunguka karibu 11,000. Sasa kuna watu wanang'oa kinga inayofunika jiwe ili jiwe kubwa liingie kwenye mashine ndogo. Piga hesabu mwenyewe, halafu kumbuka jiwe likipasuka uso wako ndio uko karibu. Miwani ya kinga inunue siku ileile unayonunua grinda, si baadaye.

Tena, mtumba. Jigso yangu ya kwanza ilitoka Japani, muuzaji akaniapia inafanya kazi. Kweli inafanya, huko kwao kwenye volti 100. Kwetu ni 230. Ilinguruma vizuri mno, ikatoa moshi, basi. Za Marekani nazo ni 120. Geuza mashine usome kibati chake kabla hujatoa hela. Ukihesabu na transfoma ya kushusha umeme, mpya ndogo inaweza kukutoka rahisi zaidi.

Ukianza kukata bati, chomoa betri ya gari, chungulia nyaya na sensa nyuma ya bampa, na ujue tanki la mafuta liko upande gani. Vioo funika kwa kitambaa kilicholowa, maana cheche za grinda hung'ang'ania kwenye kioo na hazisuguliki tena. Ukingo upige tupa, kisha praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo. Sisi wa pwani chumvi haitusubiri.

Mara ya kwanza kata pungufu ya mstari. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa limebeba watu, ndipo uone kama kuna cha kuongeza.