Kwa nini Rubio alikaa siku 371 angani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba mwanaanga Mmarekani Frank Rubio alikwenda katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa miezi sita, lakini akarudi baada ya mwaka kupita. Je, alitelekezwa? Mbona hakupanda chombo kingine?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, hakutelekezwa, alikosa chombo salama cha kurudia. Rubio, ambaye ni daktari na rubani wa helikopta wa jeshi, aliondoka Baikonur, kituo cha kurushia vyombo vya anga kilichoko Kazakhstan, tarehe 21 Septemba 2022 kwa chombo cha Kirusi kiitwacho Soyuz MS-22, pamoja na Warusi Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin. Katikati ya Desemba, Warusi hao wakiwa wanajiandaa kutoka nje ya kituo kufanya kazi, kamera zilionyesha chembe nyeupe zikifoka kutoka kwenye chombo chao. Kilikuwa kimiminika cha kupozea mitambo. Wataalamu wa Urusi walieleza kwamba radieta, yaani kifaa cha kutoa joto nje ya chombo, ilitobolewa na kijiwe cha angani, na tundu lenyewe halikufika hata milimita moja.

Tundu hilo lilitosha, kwa sababu joto lingeweza kupanda mno wakati wa safari ya kurudi, watu watatu wakiwa wamebanana humo ndani. Ama Dragon, chombo cha Kimarekani kilichokuwa kituoni, kilikuwa na viti vinne, na vyote vina wenyewe. Hata hivyo, Januari 2023 tandiko la kiti cha Rubio lilihamishiwa humo ili apate pa kulala iwapo wangelazimika kukimbia kwa dharura. Tandiko hilo si mto wa kawaida: kila msafiri wa Soyuz hufinyangiwa lake kwa umbo la mgongo wake, maana chombo hicho hutua nchi kavu kwa kishindo, ijapokuwa kina parachuti.

Soyuz MS-23 ilirushwa Februari bila mtu ndani ili iwarudishe watatu hao. Hapa ndipo wengi wanapokwama: kilichofika ni chombo, si wanaanga wa kuwapokea zamu, kwa kuwa waliotarajiwa kuja nacho walibaki duniani. Kwa hiyo Rubio na wenzake waliendelea na kazi hadi kikosi kingine kilipowasili Septemba, nao wakatua Kazakhstan tarehe 27 mwezi huo.

Muda wote huo mwili hauna ruhusa ya kustarehe. Mifupa ya nyonga ya mtu asiyefanya mazoezi huko hupungua kwa zaidi ya asilimia 1 kila mwezi, ndiyo maana wanaanga hutenga takribani saa mbili kwa siku kwa mazoezi, yakiwemo ya kukimbia kwenye mashine, wakiwa wamefungwa mikanda ya mabegani inayowavuta chini, la sivyo wangeelea.

Nadhani lililo zito zaidi ni lile alilolisema Rubio mwenyewe kabla ya kurudi: kwamba lau angeambiwa mwanzoni kuwa ni mwaka mzima, pengine angekataa, kwa ajili ya familia yake. Ana watoto wanne.